Wanafalaki wa kwanza na Mirihi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa sana kuhusu uchunguzi wa Mirihi kwa darubini, kuanzia Galileo mwaka 1610 hadi ramani ya kwanza iliyotoka Berlin mwaka 1840. Habari za vyombo vya angani vinavyotembea juu ya Mirihi leo zimejaa kila mahali. Habari za watu waliotangulia, waliokesha na kalamu na saa bila kamera yoyote, husimuliwa kwa mstari mmoja tu, nao walipima urefu wa siku ya sayari nyingine kwa usahihi unaonishangaza hadi leo. Wanastahili zaidi ya mstari mmoja.

Nani wa kwanza kuielekezea Mirihi darubini?

Galileo Galilei ndiye wa kwanza tunayemjua. Katika barua aliyomwandikia mwanafunzi wake Benedetto Castelli tarehe 30 Desemba 1610, alisema hathubutu kudai kwamba ameona Mirihi ikibadilika umbo kama Mwezi ubadilikavyo, ila anadhani si duara kamili. Alikuwa sahihi. Mirihi haiwi hilali kamwe kwa anayeitazama kutoka duniani, lakini kuna nyakati ambapo sehemu iliyoangazwa hupungua hadi karibu asilimia 84. Kwa darubini ile iliyokuza mara 20 tu, kuhisi upungufu huo ni jambo kubwa. Kukataa kusema zaidi ya alichokiona ni kubwa vilevile.

Kabla ya darubini, watu walijua nini?

Walijua mwendo wake, na waliujua vizuri. Ptolemaio wa Aleksandria aliuandikia hesabu katika karne ya 2. Wanafalaki wa Kiislamu wa Maragha, Dameski na Samarkand walizichambua na kuzirekebisha hesabu hizo kwa karne nyingi. Kisha Tycho Brahe, Mdenmaki, akakusanya vipimo vya Mirihi kwa macho matupu na vyombo vikubwa vya kupimia pembe. Vipimo hivyo vikaangukia mikononi mwa Johannes Kepler, ambaye mwaka 1609 alitangaza kwamba Mirihi hulizunguka Jua kwa njia ya duaradufu. Kwa hiyo darubini ilipofika, njia ya Mirihi ilikwisha julikana. Kilichokuwa hakijulikani ni Mirihi yenyewe.

Kwa nini ilikuwa vigumu hivyo kuiona?

Kwanza, ni ndogo na iko mbali. Hata inapokuwa karibu kabisa nasi, upana wake angani ni kama sehemu moja ya sabini na kitu ya upana wa Mwezi. Maana yake, unahitaji kuikuza zaidi ya mara 70 ili ionekane kubwa kama Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Hiyo ni wakati wa neema. Ikiwa upande wa pili wa Jua, hubaki kinukta.

Pili, nafasi ni chache. Dunia huipita Mirihi kila baada ya miezi 26 hivi, na ni wiki chache tu kabla na baada ya hapo ndizo zenye manufaa. Tena mapito hayo hayalingani. Kwa kuwa njia ya Mirihi ni duaradufu, kuna mara inakuja umbali wa kilomita milioni 56 na mara nyingine haipungui milioni 100. Mapito mazuri sana hurudi baada ya miaka 15 hadi 17. Ukitazama baadhi ya miaka ambayo kazi kubwa zilifanyika, 1672, 1719, 1830, 1877, utaona kwamba yote ni miaka ya mapito hayo. Mtu angeweza kupata nafasi mbili au tatu tu za namna hiyo katika maisha yake ya kazi, na mawingu yakitanda, basi.

Tatu, vioo. Lenzi moja hupinda rangi za mwanga kwa viwango tofauti, hivyo kila kitu kinachong'aa huzungukwa na ukungu wa rangi. Dawa waliyoijua ilikuwa kutumia lenzi zenye mpindo mdogo sana, na lenzi za aina hiyo hudai darubini ndefu: mita 4, mita 7, mita 11, na baadaye zaidi. Robert Hooke alitumia darubini ya futi 36 kuitazama Mirihi. Huko Paris waliacha kabisa bomba, wakainua lenzi juu ya mnara wa mbao na mtazamaji akasimama chini gizani akiitafuta picha kwa kioo cha jicho mkononi. Upepo kidogo tu, na kazi ya usiku huo imeharibika.

Jambo la nne halitajwi sana. Mirihi inapokuja karibu zaidi, hukaa upande wa kusini wa anga. Kwa mtu wa London, Paris au Lilienthal ya Ujerumani, hiyo ni chini karibu na upeo, ambako hewa ni nzito na picha hucheza. Wazungu wa kaskazini walifanya kazi yao bora katika hali mbaya kabisa ya anga lao.

Mchoro wa kwanza wa Mirihi ni upi?

Inategemea unaita nini mchoro. Francesco Fontana wa Napoli alichora mwaka 1636 duara lenye doa jeusi katikati. Alilichukulia kuwa sehemu ya sayari. Bahati mbaya, alichora doa kama hilo hilo kwenye Zuhura pia, na hapo ndipo tunapojua kwamba lilitoka kwenye darubini yake. Tumpe haki yake hata hivyo: tarehe 24 Agosti 1638 aliona wazi kwamba Mirihi imepungua upande mmoja, jambo ambalo Galileo alilihisi tu.

Mchoro wa kwanza wenye kitu ambacho kipo kweli kwenye Mirihi ni wa Christiaan Huygens, wa tarehe 28 Novemba 1659, huko The Hague. Lenzi alizisugua mwenyewe pamoja na kaka yake Constantijn. Mchoro wenyewe ni mdogo sana: duara, na ndani yake doa jeusi lenye umbo kama la V, limechorwa kubwa kuliko lilivyo. Doa hilo leo linaitwa Syrtis Major, na mtu yeyote mwenye darubini ya kawaida anaweza kulitambua. Huygens hakuishia kuchora. Alitazama tena usiku uliofuata na uliofuata, akaona doa linasogea, kisha baada ya siku moja linarudi karibu mahali pale pale. Tarehe 1 Desemba aliandika katika daftari lake kwamba Mirihi, kama Dunia, yaelekea kujizungusha kwa saa 24. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa na ushahidi wa macho kwamba huko nako kuna usiku na mchana.

Urefu wa siku ya Mirihi walipimaje bila vyombo vya kisasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana jibu lake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifuata.

Mwaka 1666, Giovanni Domenico Cassini alikuwa Bologna akitumia darubini ya Giuseppe Campani, fundi wa Roma aliyesifika Ulaya nzima kwa lenzi zake. Cassini aliona kwamba doa lililofika katikati ya Mirihi usiku huu litafika hapo kesho yake likiwa limechelewa kama dakika 40. Keshokutwa limechelewa dakika 80. Endelea hivyo siku 36 hivi, na ucheleweshaji wote unafikia saa 24 kamili: doa limerudi kwenye saa ile ile uliyoanzia. Kwa hiyo siku ya Mirihi ni saa 24 na dakika 40. Leo tunajua ni saa 24, dakika 37 na sekunde 22. Alikosea kwa chini ya dakika tatu.

Hakupokewa kwa shangwe na wote. Watazamaji wa Roma waliotumia darubini za Eustachio Divini, mshindani wa Campani, walidai mzunguko ni wa saa 13 hivi. Cassini alijibu kwamba wameona madoa mawili tofauti, kila moja upande wake wa sayari, wakayachukua kuwa moja. Ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi Machi wa mwaka huo huo, London, Hooke alichora Mirihi na kuandika saa ya kila mchoro. Yeye hakufikia uamuzi kuhusu urefu wa siku. Michoro yake ikakaa miaka 200. Katika miaka ya 1860, Mwingereza Richard Proctor akaichukua, akailinganisha na michoro ya wakati wake, akahesabu mizunguko yote iliyopita katikati. Tangu Hooke, Mirihi ilikuwa imejizungusha zaidi ya mara 70,000. Sasa fikiria: hata kama Hooke alikosea dakika kumi nzima, kosa hilo likigawanywa kwa mizunguko 70,000 kila mzunguko unabeba chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Proctor alipata saa 24, dakika 37 na sekunde 22.7, na chombo cha angani hakikuibadilisha hesabu hiyo ila baada ya nukta. Hooke alichangia kwa sababu tu aliandika saa. Mchoro mzuri usio na saa usingemsaidia Proctor hata kidogo.

Mbona walifanikiwa kwa Mirihi na si kwa Zuhura, iliyo karibu zaidi?

Kwa sababu ardhi ya Mirihi inaonekana na ya Zuhura haionekani. Zuhura imefunikwa na mawingu mazito wakati wote. Cassini alijaribu kuupima mzunguko wake akapata chini kidogo ya siku moja. Francesco Bianchini, karne ya 18, akapata siku 24 na saa 8. Jibu la kweli, siku 243 na tena kwa kuzunguka kinyume, lilipatikana kwa rada miaka ya 1960. Watazamaji walikuwa wale wale, na lenzi zile zile.

Ni kweli umbali wa Jua ulipimwa kupitia Mirihi?

Ndiyo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote iliyotoka kwenye uchunguzi huo.

Hesabu za Kepler zilikwisha onyesha uwiano wa njia za sayari: kwamba Mirihi iko mbali na Jua mara moja na nusu hivi kuliko Dunia. Lakini uwiano si kilomita. Ukipata umbali mmoja tu kwa kilomita, yote mengine yanafunguka. Umbali wa Jua uliorithiwa tangu zamani ulikuwa nusukipenyo cha Dunia mara 1,200, yaani chini ya kilomita milioni 8.

Mwaka 1672 Mirihi ilikuwa inakuja karibu. Cassini, ambaye sasa alikuwa Paris kwa mwaliko wa mfalme wa Ufaransa, alibaki na vyombo vyake, na Jean Richer akapelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 tu kaskazini mwa Ikweta. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kinaruka mbele ya ukuta. Paris na Cayenne yalikuwa macho mawili, Mirihi kidole, na nyota za nyuma yake ukuta. Kwa kuwa umbali kati ya miji hiyo unahesabika, kuruka kwa Mirihi kungetoa umbali wake.

Cassini alipata kwamba Jua liko kama kilomita milioni 140 kutoka kwetu. Umbali wa kweli ni wastani wa milioni 149.6. Huko Derby, Uingereza, John Flamsteed naye aliipima Mirihi mwaka huo akiwa mahali pamoja, akiacha mzunguko wa Dunia umsogeze usiku kucha, akapata jibu linalokaribiana. Ukweli ni kwamba pembe waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa ndogo kiasi kwamba makosa ya vyombo yangeweza kuimeza, na bahati ilichangia. Lakini hakuna aliyeweza tena kulirudisha Jua kwenye kilomita milioni 8. Ulimwengu ulipanuka karibu mara ishirini katika msimu mmoja.

Richer alirudi na jambo jingine ambalo hakutumwa. Saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawa Paris, ilichelewa Cayenne, ikabidi aifupishe pendulamu. Uvutano ulikuwa mdogo kule. Isaac Newton aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba Dunia imevimba kwenye Ikweta.

Nani aligundua barafu kwenye ncha za Mirihi?

Hakuna mmoja. Cassini aliona weupe kwenye ncha mwaka 1666. Huygens alichora ncha ya kusini ikiwa nyeupe mwaka 1672. Giacomo Filippo Maraldi, mpwa wa Cassini aliyefanya kazi naye Paris, ndiye aliyeufuatilia weupe huo kwa makini, hasa 1704 na 1719. Aliona kwamba weupe wa kusini haukukaa sawasawa kwenye ncha: Mirihi ilipojizungusha, nao uliyumba. Hakusema ni barafu. Aliandika alichoona akaishia hapo.

Aliyesema ni William Herschel. Alikuwa mwanamuziki kutoka Hanover aliyehamia Uingereza, mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath, ambaye mchana alifundisha muziki na usiku alitazama anga kwa darubini alizozitengeneza mwenyewe. Darubini hizo zilitumia kioo cha mchanganyiko wa shaba na bati badala ya lenzi, hivyo ule ukungu wa rangi haukuwepo. Dada yake Caroline alikuwa msaidizi wake, na baadaye akawa mgunduzi wa nyotamkia kwa jina lake mwenyewe.

Kati ya 1777 na 1783 Herschel alikutumia kuyumba kule kwa madoa meupe kutafuta ncha zenyewe ziko wapi, na kutoka hapo akapata mwinamo wa mhimili wa Mirihi: nyuzi 28 na dakika 42, yaani nyuzi 28.7. Kipimo cha sasa ni nyuzi 25.2, na Dunia ni 23.4. Kwa mwinamo huo, Mirihi lazima iwe na majira, na kwa kuwa mwaka wake ni siku 687, kila majira ni karibu mara mbili ya yetu. Aliona weupe ukipungua ncha ilipoelekea kwenye Jua na kukua ilipopewa kisogo. Mwaka 1784 alichapisha maelezo yake: ni theluji na barafu. Alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kuna barafu ya maji, na juu yake katika majira ya baridi hutanda utando wa kaboni dioksaidi iliyoganda, jambo ambalo hakuna mtu wa karne yake angeweza kulijua.

Alifanya jambo jingine dogo ninaloliheshimu sana. Cassini alikuwa amesema nyota moja ilififia ilipokaribia Mirihi, kana kwamba sayari hiyo imezungukwa na hewa nene. Mwaka 1783 Herschel alizitazama nyota mbili hafifu zikipita karibu na Mirihi na hazikufifia. Akaandika hivyo, ingawa yeye mwenyewe aliitaka Mirihi yenye hewa na wakazi.

Kwa hiyo waliamini kuna watu Mirihi?

Wengi wao, ndiyo. Huygens aliandika kitabu kizima kuhusu wakazi wa sayari, kikachapishwa mwaka 1698 baada ya kifo chake. Herschel alisema wakazi wa Mirihi pengine wana hali inayofanana na yetu kwa mambo mengi. Kwao hilo lilitokana na imani kwamba Mungu hakuumba dunia nyingine zikae bure. Lakini vipimo vyao hawakuviegemeza juu ya imani hiyo.

Walikosea wapi zaidi?

Maeneo ya giza waliyaita bahari, na kosa hilo likadumu. Syrtis Major ni uwanda wa miamba ya volkano. Johann Schröter wa Lilienthal, Ujerumani, alikosea kwa namna nyingine inayosikitisha zaidi. Alichora Mirihi mamia ya mara kati ya 1785 na 1803, lakini aliamini madoa yote ni mawingu. Kwa hiyo kila yaliporudi na umbo lile lile, hakutambua kwamba ni ardhi. Askari wa Ufaransa waliteketeza mji wake mwaka 1813 na kuvunja kituo chake. Michoro ilisalimika, ikachapishwa mwaka 1881.

Ramani ya kwanza ni ya nani?

Ni ya Wilhelm Beer na Johann Heinrich Mädler, Berlin. Beer alikuwa mwenye benki, ndugu wa mtunzi wa opera Giacomo Meyerbeer, na kituo kilikuwa nyumbani kwake. Darubini yao ilikuwa ya Fraunhofer, lenzi ya milimita 95 tu, ndogo kuliko nyingi zinazouzwa madukani leo, ila ilikuwa ya vioo viwili vilivyoondoa kasoro ya rangi. Walianza mwaka 1830. Walikubali kwamba madoa ni ardhi isiyohama, wakachagua doa moja dogo la mviringo kuwa mahali pa kuanzia longitudo, wakapima mengine yote kutoka hapo. Ramani ilitoka 1840. Longitudo sifuri ya Mirihi bado iko eneo hilo hilo.

Mbona hakuna aliyeona miezi yake?

Phobos ina upana wa kilomita 22 hivi na Deimos kama 12, nayo imejificha kwenye mng'ao wa sayari. Iligunduliwa Agosti 1877 na Asaph Hall huko Washington, kwa lenzi ya sentimita 66. Kepler aliwahi kudhani Galileo ameigundua: Galileo alituma fumbo la herufi kuhusu Zohali, Kepler akalifumbua kimakosa kuwa ni miezi miwili ya Mirihi. Idadi ikatokea kuwa kweli.

Je, hawa ndio walioona mifereji?

Hapana. Habari za mistari iliyonyooka, ndiyo iliyoitwa mifereji, zilianza na Giovanni Schiaparelli, Milano, 1877. Hakuna hata mmoja kati ya watu wa ukurasa huu aliyeichora.

Naweza kuona walichokiona, nikiwa Afrika Mashariki?

Unaweza, na uko mahali pazuri kuliko wao. Kumbuka Julai 2018, usiku wa tarehe 27 Mwezi ulipopatwa kabisa na Mirihi ikawaka pembeni yake: London ilikuwa chini kusini, Dar es Salaam ilipanda hadi karibu na utosi.

Darubini ya kioo cha sentimita 15 inatosha, karibu sawa na ile ndogo ya Herschel. Kuza mara 150 hadi 200, iache darubini nje nusu saa ipoe, na usikate tamaa dakika tano za kwanza, kwa sababu picha hutulia kwa sekunde chache tu kisha hucheza tena. Tafuta kwanza weupe wa ncha, halafu giza la Syrtis Major. Ukiona uso wa Mirihi hauna kitu, rudi baada ya saa mbili au wiki mbili, maana huenda umekutana na upande usio na madoa makubwa.

Pito la Februari 2027 ni la mbali, kilomita milioni 101 hivi, lakini linafaa kujifunzia. Yanafuata Machi 2029, Mei 2031 na mwishoni mwa Juni 2033, kila moja bora kuliko lililotangulia. Kubwa ni la Septemba 2035, kwa umbali wa kilomita milioni 57. Chora unachokiona kwenye duara la sentimita 5, na pembeni andika tarehe, saa na dakika.